Mlima Haupandwi na Mtu Mmoja



Tarehe 30 Septemba 2009 Chris Waddell, Mmarekani aliyepooza miguu tangu mwaka 1988 kwa ajali ya kuteleza thelujini, alifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Alipanda kwa kigari cha magurudumu manne kiendeshwacho kwa mikono. Wenziwe hawakumnyang'anya kazi hiyo. Ila karibu na kilele mawe yalipoziba njia, wapagazi walimbeba masafa mafupi, kisha akaendelea mwenyewe.

Hiyo ndiyo adabu ya safari: kumwacha mtu atende awezalo, na kumshika pale asipoweza.

Sisi wa Mbinga twaijua milima. Barabara ya kushukia Mbamba Bay ina lami, lakini vijia vya majumbani ni mawe na matope, na ufukoni mwa Ziwa Nyasa mchanga humeza gurudumu. Kiti chembamba cha hospitali hakipiti huko. Chatakiwa chenye magurudumu mapana, na vijana wawili wa kukivuta penye mwinuko.

Basi, enyi vijana, mtoto wa jirani asiyefika chuoni kwa sababu ya miguu yake hakupungukiwa na hamu ya kusoma; amepungukiwa na wenzi wa njia. Mwendeeni, na kwanza mwulizeni ataka asaidiwe vipi.