Kukagua Meli ya Huduma Kabla ya Kuikodi

Wahenga walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hii hunenwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Makala haya yanahusu hatua inayotangulia: kukagua meli inayohudumia mitambo ya kuchimba mafuta baharini kabla ya kutia sahihi mkataba wa kuikodi.

Aghalabu meli hizi hukodiwa kwa muda maalumu pamoja na nahodha na mabaharia wake. Mwenye meli huiendesha. Mkodi huipangia kazi. Kwa hivyo, mkaguzi hana budi kupima chombo na watu wake pia.

Sifa inayotangulizwa katika meli ya kuhamisha nanga ni nguvu ya kuvuta. Meli hufungwa kwa kamba kwenye nguzo ya gatini, ikavuta kwa nguvu zake zote, na kipimo kikaonyesha tani. Ikumbukwe kuwa hapo maji ni matulivu na meli huvuta ikiwa imenyooka. Kazini, upepo na mkondo huisukuma kando, nazo rafadha za ubavuni zinazoizuia zinaweza kula sehemu ya nguvu ya injini.

Mfano mchungu ni wa Bourbon Dolphin, meli ya Norwei iliyoundwa mwaka 2006. Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi mwa visiwa vya Shetland, ilikuwa ikihamisha nanga ya mtambo wa Transocean Rather. Mnyororo mzito uliivuta kwa ubavu ikapinduka. Kati ya watu 15 waliokuwamo, 8 walifariki. Tume ya uchunguzi ya Norwei, katika ripoti yake ya mwaka 2008, haikulaumu kosa moja tu. Ilitaja msururu wa upungufu, ukiwemo uthabiti wa meli na makabidhiano mafupi mno baina ya manahodha.

Tukio hili linatufunza maswali ya kuuliza. Je, nguvu gani ya kuvuta husalia rafadha za ubavuni zikifanya kazi? Mnyororo wa uzito gani, ukivutwa kwa pembe ipi, utaiinamisha meli kupita kiasi? Nahodha ameizoea meli hii na kazi hii?

Vyeti huthibitisha jinsi meli ilivyoundwa na kutunzwa. Havithibitishi kuwa inaifaa kazi iliyo mbele yake. Mkaguzi asiporidhishwa na majibu, na aikatae meli ingali gatini, usukani ungali na kazi.