Mawese, Majivu na Kikaango cha Asubuhi

Ndagala, samaki wadogo wa Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na alfajiri huwa wamekwisha kufika ufukweni. Wengi huanikwa juani. Wachache hukaangwa asubuhi hiyo hiyo: huoshwa, hutiwa chumvi, huachwa wachuje maji, kisha huingia kwenye mawese ya moto juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa. Pembeni pana muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Mpishi mwenye haraka asiyewachuja hupata adhabu papo hapo, kwa sababu maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha mawese hadi kwenye kitenge chake.

Watu wakishashiba hubaki kikaango, na hapo ndipo nguvu nyingi za mikono hupotea bure.

Mtoto hutumwa ziwani na vyombo. Anachota mchanga, anasugua, anasuuza, na bado ukingoni panabaki utando wa rangi ya chungwa unaoteleza kila ukiguswa. Tusimwite mvivu. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda upesi, na ili yayeyuke yote yanahitaji joto la nyuzi 35 hivi. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 24 na 28. Kwa hiyo anachofanya mtoto ni kuyagandisha mafuta kwenye chuma, kisha kuyasambaza. Katika mji wa Fizi, juu milimani, hali ni mbaya zaidi: asubuhi ya baridi mawese huganda ndani ya chupa. Isitoshe, kipindupindu kimerudi mara nyingi katika fukwe hizi, na chombo kilichosuuzwa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa hakijawa safi hata kikimeremeta.

Dawa ya kwanza basi ni joto. Mimina mafuta yaliyobaki kikaango kingali na uvuguvugu, ukipanguse kwa karatasi au jani la mgomba, ndipo utie maji ya moto. Nusu ya kazi imekwisha kabla ya sabuni.

Dawa ya pili ni majivu, na wazee walioyatumia hawakuwa wanabahatisha. Majivu ya kuni yana potashi. Mawese yanayokamuliwa vijijini, hasa yaliyokaa au kukaangiwa mara kadhaa, huwa na asidi nyingi iliyojitenga na mafuta. Potashi ikikutana nayo ndani ya maji ya moto, sabuni kidogo huzaliwa humo humo ndani ya kikaango. Wanaopika sabuni ya mawese hufanya jambo hilo hilo kwa nguvu zaidi, kwa soda kali: kilo 1 ya mawese huhitaji gramu 140 hivi ili yageuke yote. Mfaransa Michel-Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza muundo wa mafuta na sabuni, katika kitabu chake cha 1823. Na tusisahau kwamba Mwingereza William Lever alipopewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo mwaka 1911, alichokuwa akikitafuta ni malighafi ya sabuni. Uchafu wa kikaango chetu ulikuwa utajiri wake.

Sabuni yenyewe ina adui ziwani. Maji ya Tanganyika yamejaa magnesi, na magnesi hushikana na sabuni ya mche kufanya ukoko mweupe badala ya povu. Maji ya mvua huokoa sabuni nyingi.

Kuna kitu kimoja ambacho majivu hayakiwezi: ule utando wa kahawia unaonata pembeni. Hayo ni mafuta yaliyopigwa na moto na hewa yakiwa membamba, yakaungana na kuwa kitu kingine kigumu. Loweka kwanza, sugua baadaye. Mawese hufanya utando huo polepole kuliko mafuta ya alizeti au soya, sifa ambayo sijasikia wauzaji wakiitangaza.

Masizi ya nje yana ujanja wake: paka tope au sabuni kabla ya kuteleka, nayo yatatoka na maji. Ila kama chombo ni sufuria ya alumini, majivu mabichi yasilale ndani usiku kucha. Potashi huila alumini, na asubuhi utakuta weusi na vishimo ambavyo mchanga hauwezi kuviondoa.