Siku moja kati ya ndege mbili: Jinsi ya kuiona Busia na Malaba bila kuachwa

WAKAGUZI wa hesabu, wahandisi, maafisa wa mashirika na wafanyabiashara wanaoshuka Entebbe kwa shughuli za Kampala, kisha wakapanda ndege Kisumu au Eldoret kurejea Nairobi, hulazimika kuvuka mpaka kwa barabara. Wengi wao hubakiwa na siku moja tu kati ya ndege hizo mbili, na hutamani kuitumia kujionea machache ya sehemu wanayopita.

Jambo hilo lawezekana, lakini huharibika kwa urahisi. Anayekosea hesabu ya saa huachwa na ndege. Ikiwa tiketi ya kuendelea na safari kutoka Nairobi ilinunuliwa peke yake, nayo huenda ikapotea, kwa kuwa shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri abiria aliyecheleweshwa na barabara.

Hesabu hiyo huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Kutoka Kampala hadi Busia ni takriban kilomita 200, na kutoka Busia hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 100. Kwa mfano, abiria ambaye ndege yake inaondoka Kisumu saa kumi jioni anapaswa kuwa uwanjani kufikia saa nane. Ili awe na akiba ya muda, yafaa aondoke Busia saa tano asubuhi.

Iwapo atatoka Kampala siku hiyohiyo saa kumi na moja alfajiri, atafika mpakani yapata saa nne, na hapo ni ikiwa barabara haina msongamano. Akimaliza ukaguzi, saa tano imekwisha kuwadia. Hatakuwa ameona chochote isipokuwa foleni.

Dawa yake ni kuvuka jioni ya siku iliyotangulia na kulala upande wa Kenya. Mgeni aliyelala Busia hupata takriban saa tano za mchana kweupe, tangu kumi na mbili asubuhi, na hana tena mpaka wa kuvuka mbele yake. Kwa ufupi, msafiri na alale upande uliko uwanja wa ndege yake. Anayesafiri kinyume, kutoka Kisumu kwenda kupanda ndege Entebbe, afanye matembezi yake Busia kwanza, kisha avuke mapema na kulala Uganda.

Kuvuka kwenyewe kumerahisishwa kuliko zamani. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na Malaba nayo hufuata utaratibu huo. Mtu anayetoka Uganda hasimami mara mbili. Huhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja upande wa Kenya, na anayetoka Kenya huhudumiwa upande wa Uganda.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa tangu 2014 kutumia vitambulisho vya taifa kuvuka mipaka ya nchi hizo. Wengine huhitaji hati za kusafiria. Wageni wengi kutoka nje ya Afrika hutakiwa pia kuwa na idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya, iliyoanza Januari 2024, nayo huombwa kabla ya kufika. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahauliwe.

Hatari iko kwenye njia za panya. Mwendeshaji boda boda anaweza kumwambia mgeni kwamba kuna mkato usio na foleni. Anayeufuata huingia nchini bila muhuri, na siku ya kuondoka hukosa la kumjibu afisa wa uhamiaji. Vilevile, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo aliyenunua vitu Uganda avihamishie kwenye mkoba mwingine kabla ya kuvuka.

Baada ya hapo ni suala la kuchagua. Miji hii miwili, yote ikiwa katika Kaunti ya Busia, imeachana kwa kilomita kama 30, na kujaribu kuimaliza yote kwa asubuhi moja ni kujitafutia hasara. Uwanja wa ndege ndio uamue: wa Kisumu abaki Busia, na wa Eldoret apitie Malaba.

Busia inafaa kwa anayependa kutazama watu na biashara zao. Ng'ambo ya pili uko mji mwingine wenye jina hilohilo, na wanawake wafanyabiashara huvuka kutwa wakiwa na nafaka, matunda, samaki na nguo. Hapa ndipo inapoelezwa kuwa jina boda boda lilizaliwa katika miaka ya 1960, pale vijana wa baiskeli walipowabeba abiria kati ya lango la nchi moja na la nyingine, wakinadi kwa neno la Kiingereza la mpaka.

Mwenye saa mbili au tatu za ziada anaweza kuelekea kusini hadi Sio Port, ufukoni mwa Ziwa Victoria, kuona wavuvi na omena wakianikwa juani. Wasamia wa huko wana ndugu zao Uganda, kama walivyo Wateso wa Malaba. Hilo si ajabu, kwa sababu hadi 1902 eneo lote hili lilikuwa sehemu ya Uganda, kabla ya Waingereza kulihamishia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya.

Malaba ni mji wa malori. Shehena kutoka bandari ya Mombasa hupitia hapa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo, na foleni yake yaweza kuziba njia. Januari 2022, mvutano kuhusu upimaji wa Covid-19 kwa madereva uliyasimamisha malori kwa kilomita nyingi. Kwa sababu hiyo, atakayepita Malaba aulize hali ya barabara usiku uliotangulia.

Hazina ya upande huu ni Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk. Chini ya mwamba ulioinama kuna michoro ya kale ya maumbo ya duara na ya ng'ombe, iliyochorwa na watu wa vizazi mbalimbali, na mahali hapo hutunzwa kama turathi ya kitaifa. Utafiti uliochapishwa 2024 ulieleza kuwa kunde zilizochimbuliwa hapo zina umri wa takriban miaka 2,300. Kunde hizo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa mimea ya kilimo Afrika Mashariki.

Kakapel huhitaji nusu siku, gari la kukodi na dereva anayeijua njia. Asiye na muda huo aridhike kuutazama kwa mbali mwamba wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, anga likiwa safi.

Mambo madogo pia hula muda. Fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni, si kwa watu wa barabarani. Picha zisipigwe kwenye ofisi za mpakani bila idhini. Bei ya gari ikubaliwe kabla ya kuondoka, pamoja na saa ya kurudi.

Saa hiyo ikifika, msafiri na aondoke hata kama hajamaliza. Michoro ya Kakapel imengoja kwa karne nyingi na itamngoja tena, lakini ndege ya saa kumi haitamngoja.