Magazeti matatu kwa mwaka mmoja

Huku kwetu Masisi na Walikale habari nyingi zinapita kwa mdomo: bei ya madini, usalama wa njia. Neno likipita midomo kumi, linafika lingine. Tuone basi majirani wetu wa Kenya walifanya nini.

Mwaka 1958 Charles Hayes alianzisha Nairobi gazeti la kila juma kwa Kiswahili, jina lake Taifa. Mwaka 1959 Aga Khan akalinunua. Kisha ukaja 1960, mwaka ule ule Kongo yetu ilipopata uhuru. Januari, Taifa Leo likaanza kutoka kila siku. Tarehe 20 Machi likatoka Sunday Nation, tarehe 3 Oktoba Daily Nation, yote mawili kwa Kiingereza.

Lakini angalia: pesa haikuja upesi. Kilichokuja kwanza ni imani ya raia, sababu magazeti hayo yaliunga mkono Waafrika wajitawale. Mwaka 1973 raia wenyewe wakaweza kununua hisa za kampuni.

Vijana, hata karatasi moja ya kubandika sokoni ni mwanzo. Andikeni bei ya kweli, kwa lugha ya watu. Mwenye kusema kweli anangojewa kesho tena.