Safari ya Punje ya Mpunga

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Leo, wajukuu zangu, tunakwenda kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, kwenye vijiji vya wakulima wa mpunga karibu na mji wa Thanjavur. Na hadithi hii haina uongo.

Mpunga hutaka maji, na huko maji huletwa na mto Kaveri. Mbali juu ya mto kuna bwawa la Mettur, lililokamilika mwaka 1934. Likiwa na maji ya kutosha, milango yake hufunguliwa tarehe 12 Juni. Maji hushuka hadi Kallanai, ukuta wa kale unaosemekana ulijengwa na mfalme Karikala, yapata miaka 2,000 iliyopita. Hapo hugawanywa kwenye mifereji mpaka yafike shambani.

Mpunga ukishavunwa, wakulima wengi huupeleka kituo cha serikali cha kununulia. Msishangae mkiukuta umeanikwa barabarani, juu ya lami yenye moto, baiskeli zikipita kando! Karani huchota kiasi kidogo na kukitia kwenye kipimo. Kwa kawaida, unyevu ukizidi asilimia 17, mkulima huambiwa akaanike tena, kwa sababu mpunga mbichi ukirundikwa ghalani huota ukungu.

Ukishakobolewa, mchele hurudi kijijini kwa njia mbili. Ya kwanza ni duka la mgao: tangu mwaka 2011, familia zenye kadi ya mchele hupewa mchele bure. Ya pili ni jiko la shule. Mpango wa jimbo wa chakula cha mchana shuleni ulianzishwa na K. Kamaraj, kiongozi wa jimbo wakati huo, miaka ya 1950. Mwaka 1982 M. G. Ramachandran, nyota wa filamu aliyekuja kuwa kiongozi wa jimbo, akaupanua mpango huo. Kengele ikilia, watoto hupanga mstari na sahani zao: wali, mchuzi wa dengu uitwao sambar, na yai la kuchemsha.

Mchele umefika kijijini; lakini je, bomba la kijiji likikauka, au taa ya njiani ikizimika? Hiyo ni kazi ya panchayat, baraza la kijiji, ambamo nusu ya viti vimetengewa wanawake. Siku kama 26 Januari na 15 Agosti wanakijiji wote huitwa mkutanoni. Hapo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusimama na kumuuliza mwenyekiti mbele ya watu: “Mbona mtaa wetu hauna maji?” Naye mwenyekiti lazima ajibu.