Je, Unene Ni Afya?

Hapa kwetu Kasokola mama akinenepa baada ya kujifungua, majirani humpongeza: "Siku hizi una afya!" Mumewe naye hupata sifa kwamba anajua kutunza. Neno afya limekuwa jina jingine la unene, na sisi wauguzi tunaona linavyowapoteza akina mama wengi. Mama hujiona mzima kabisa mpaka siku anapopimwa presha na kukutwa imepita 140 kwa 90.

Si kila mama mnene ni mgonjwa, wala si kila mwembamba ni mzima. Lakini unene ukizidi hudhuru. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, na presha hupanda. Mafuta yanayojaa tumboni huifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake, hivyo sukari hubaki kwenye damu; hicho ndicho kisukari. Magoti huchakaa mapema. Saratani ya mfuko wa uzazi nayo huwapata zaidi wanawake wanene. Kwa mjamzito kuna hatari ya kifafa cha mimba na ya mtoto kuwa mkubwa mno kupita njia ya kawaida.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka 2015-16 walikuwa 28. Utauliza, mkulima atanenepaje? Anayeshika jembe kila siku ni vigumu. Lakini wengi wetu sasa tunakaa dukani, mashine inasaga, bodaboda inatubeba, na sahani ya wali ni ile ile ya wakati wa kutwanga. Chai ina vijiko vinne vya sukari. (Soda moja ina saba au zaidi, nayo tunampa mgonjwa kama dawa!)

Kujipima si kazi. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 80 na urefu wa mita 1.60 anapata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa hatari. Au azima futi ya fundi cherehani upime kiuno: kikizidi sentimita 88, nenda zahanati ukapime presha na sukari.

Jambo gumu ni maneno ya watu. Akina mama wanaogopa kupungua kuliko kunenepa, maana ukipungua kilo tano tu wataanza kunong'ona kuwa una virusi, au kwamba nyumbani hakuna amani. Tunashauri umweleze mumeo mapema, naye ajue ni mpango wenu. Ila ukipungua bila kukusudia, nenda ukapime kifua kikuu, kisukari na virusi.

Huyo mama wa kilo 80 hahitaji kuwa kama msichana. Akipunguza kilo nne hadi nane tu, presha yake huweza kushuka. Nusu ya sahani iwe matembele, mchicha au kisamvu kisichojaa mafuta, na atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula. Waje kwanza kliniki tuzungumze.