Mboga Mbichi Katikati ya Theluji

Makala haya twawaandikia hasa ndugu zetu waliohamia nchi za baridi, kama vile Wasomali waliofanya makao Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, tangu mwaka 2001. Januari ikifika, mama wa nyumba hununua mboga iliyosafiri siku nyingi, imenyauka, na bei yake yatisha. Wengi hudhani hakuna njia nyingine.

Njia ipo, tena katika jimbo hilo hilo. Bwana Eliot Coleman, aliyenunua shamba lake Harborside mwaka 1968, huvuna mboga majira yote. Yeye aliliangalia jua kwanza. Maine iko karibu na digrii 44 kaskazini, sawa na kusini ya Ufaransa. Urefu wa mchana ni mmoja, ila baridi ya Maine ni kali zaidi, na baridi huzuilika. Hujenga banda la nailoni, na ndani yake hutanda kitambaa chepesi juu ya matao ya waya. Kila kifuniko, asema, ni kama kulihamisha shamba maili 500 kwenda kusini.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Tangu mapema Novemba hata mapema Februari mchana wa huko haufiki muda wa saa 10, na mmea karibu huacha kukua. Apandaye Novemba amepoteza mbegu zake. Hupandwa Agosti na Septemba, mboga zikomae kabla ya giza. Kisha hukaa hai bandani, nawe wachuma kidogo kidogo kama achotaye ghalani.

Mchicha wetu, kunde na bamia visijaribiwe. Jalidi ya kwanza huviua. Spinachi na jamii ya sukuma wiki hustahimili. Ajabu ni karoti: baridi ikizidi, hugeuza wanga wake kuwa sukari ili zisigande, hata watoto huzila mbichi kama peremende.

Majani yaliyoganda alfajiri yasikatwe mpaka yayeyuke. Na siku ya jua banda lifunguliwe kidogo, ijapokuwa nje ni theluji, kwani joto la ndani huunguza.

Asiye na shamba na atengeneze sanduku la mbao lielekealo kusini, alifunike kwa dirisha kuukuu. Wakulima wa Paris wa karne ya 19 walitumia masanduku ya namna hiyo, wakitia samadi mbichi ya farasi chini ya udongo ipate kutoa joto.